Faini kwa dereva, pongezi kwa mtunga programu

Leo nitasema jambo ambalo wenzangu katika kazi hii hawatalipenda.

Kanuni za trafiki za mwaka 2016 hapa Kenya ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linaenda. Vyema. Lakini hebu isome sheria hiyo kama unavyosoma programu yako, ukitafuta hitilafu. "Likiwa linaenda"? Basi kwenye jamu ya Mombasa Road jisomee ujumbe wako kwa raha. Gari la mbele likisogea, nawe utasogea, macho bado yako kwenye kioo cha simu.

Si sisi pekee. Uingereza walipiga marufuku kushika simu ukiendesha tangu Desemba 2003. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kupiga video huku unaendesha si kosa chini ya sheria ile, kwa sababu iliandikwa kuhusu mawasiliano. Kiraka kilitoka Machi 2022. Miaka kumi na minane na zaidi!

Hitilafu kubwa ni kwamba sheria hizi zinahesabu mikono. Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba hatari ya kugongana wakati wa kuongea na simu ni kama mara nne, na simu zisizoshikwa mkononi hazikuonekana kuwa salama zaidi. Kinachotoka barabarani ni akili, ndugu yangu. Fanya hesabu: kwa kilomita 60 kwa saa, ukitazama simu sekunde tatu umepita mita 50 kama kipofu.

Sasa nikiri. Niliwahi kuandika programu ya waendesha boda boda wa kupeleka mizigo. Oda ikiingia, mwendeshaji alikuwa na sekunde kumi na tano kuikubali, la sivyo inakwenda kwa mwingine. Bosi alisifu kasi yake, nami nikajipiga kifua. Siku moja nimebebwa na boda Ngong Road, simu ikalia, jamaa akaachia mkono mmoja akabonyeza. Nikakitazama kile kitufe. Kilikuwa changu. Akikamatwa, analipa yeye. Akianguka, tunaanguka sote wawili, na aliyepanga sekunde zile yuko ofisini anakunywa chai.

Tusidanganyane eti haiwezekani. Simu inajua mwendo wako kupitia GPS. Kuzuia oda mpaka pikipiki isimame, au kumpa mtu dakika mbili, ni kazi ya alasiri moja. Hatufanyi kwa sababu hakuna anayetutoza.

Kwa hiyo nasema: faini ya dereva ibaki, lakini sheria imfikie pia mwenye programu inayomlazimisha dereva kubonyeza akiwa mwendoni. Na wewe mtunga programu, kabla ya kuweka saa inayohesabu kurudi nyuma, panda boda kwanza.