Dinamo Itolewe au Ibaki?

Panda baiskeli yenye dinamo usiku. Ukikanyaga kwa nguvu, taa inang'aa. Ukipanda kilima polepole, inafifia na kuwa nyekundu kama kaa la moto. Ukisimama kumsalimu mtu njiani, giza tupu. Baiskeli haina betri, kwa hiyo haina mahali pa kukopa umeme. Shika jambo hilo, maana juma hili nataka tuzungumze habari za motokaa zisizoonekana katika vijiji vyetu, lakini ambazo shida yao ya usiku ni ndugu wa shida hiyo.

Huko Uingereza wako watu wengi wanaotunza motokaa ndogo za zamani za mbio, zenye viti viwili na paa la turubai. Inayojulikana sana ni MGB, iliyoanza kutengenezwa katika mji wa Abingdon mwaka 1962 na ikakoma mwaka 1980. Wenye motokaa hizo wanabishana siku zote juu ya neno moja: je, yafaa kuitoa dinamo iliyotoka nayo kiwandani na kufunga alteneta mahali pake?

Dinamo ya motokaa hizo ilitengenezwa na kampuni ya Lucas ya Birmingham. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas, alianza kwa kuuza mafuta ya taa, halafu akatengeneza taa za baiskeli. Waingereza kwa mzaha waliipa kampuni hiyo jina la Mkuu wa Giza, kwa sababu ya motokaa zilizozimika taa njiani. Kwa maoni yangu mzaha huo umezidi, maana dinamo hizo zilifanya kazi kwa miaka mingi kama zilivyokusudiwa. Shida ni kwamba mambo yanayodaiwa kwao yaliongezeka.

Hebu tupige hesabu. Dinamo ya MGB ya mwanzo iliweza kutoa ampea 22 na si zaidi. Sasa ni usiku, mvua inanyesha, tena ni baridi. Taa kubwa mbili zataka ampea 8 hivi. Taa ndogo za mbele na nyuma, 2. Waipa, 3. Feni ya kipasha joto, 3. Injini yenyewe kwa ajili ya cheche zake, 3 au 4. Jumla karibu 20. Basi, utasema, 22 zinatosha. Naam, zinatosha motokaa ikiwa inakwenda mbio. Lakini ikisimama katika msafara mrefu wa magari mjini, injini ikizunguka taratibu, dinamo haitoi kitu. Taa nyekundu kwenye dashibodi inawaka, na mzigo wote unaangukia betri. Nusu saa ya namna hiyo yala ampea 10 za saa moja kutoka katika betri. Ndipo taa za nyuma zinapofifia, na dereva wa lori anayekuja nyuma katika mvua hakuoni mpaka amekukaribia mno. Hapo ndipo penye hoja yenyewe, kuliko mabishano yote ya urembo na asili.

Kwa nini dinamo haiwezi kazi hiyo ya polepole? Ndani yake, waya unaozaa umeme ndio unaozunguka, na umeme wote hauna budi kutoka kwa kupitia kaboni mbili zinazosugua vipande vya shaba. Ukiizungusha kwa kasi mno, waya zaweza kurushwa nje ya mahali pake, na kaboni hutoa cheche na kulika. Kwa hiyo mafundi waliipa puli kubwa, ili isizidi mwendo injini inapokimbia. Na kwa sababu hiyo ni mvivu injini inapotulia.

Alteneta imegeuza mambo. Waya unaozaa umeme umetulia kandokando, na kinachozunguka katikati ni sumaku ya umeme. Kaboni zipo, lakini zinapitisha umeme mdogo tu wa kuitia nguvu sumaku hiyo. Kwa hiyo yaweza kufungwa puli ndogo na kuzungushwa kwa kasi sana, hata injini inapopumzika. (Ile dinamo ya baiskeli yetu, ijapokuwa tunaiita dinamo, kwa asili ni ya ukoo wa alteneta: sumaku ndiyo inayozunguka.) Lakini umeme wa alteneta huenda na kurudi, na betri haipokei umeme wa namna hiyo. Hapo ndipo zinapoingia dayodi, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Dayodi imara na za bei nafuu hazikupatikana zamani. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kufunga alteneta katika motokaa yake ya Valiant mwaka 1960, na MGB ikapata alteneta kutoka kiwandani mwaka 1967. Basi anayebadilisha MGB ya mwaka 1964 anafanya jambo ambalo wenye kiwanda walilifanya wenyewe miaka mitatu baadaye.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi wameharibu mali yao. Katika motokaa hizo za dinamo, bodi la chuma limeungwa na upande wa chanya wa betri. Alteneta za kawaida zataka bodi liungwe na upande wa hasi. Mtu akifunga alteneta bila kugeuza betri, dayodi huungua mara moja, kabla hajapata nafasi ya kusema "ngoja".

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua waya za betri, kisha kuigeuza. MGB za mwanzo zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, nazo zote mbili hugeuzwa. Vichwa vya betri havilingani unene, kwa hiyo vishikizo vyake navyo hubadilishwa. Halafu waya mbili ndogo za koili ya cheche zibadilishane mahali. Taa hazijali upande. Stata nayo huzunguka vile vile kama zamani. Lakini saa inayohesabu mizunguko ya injini, ikiwa ni ya umeme, haitafanya kazi mpaka fundi aibadilishe ndani. Redio ya zamani yaweza kufa. Na feni ya kipasha joto, ikiwa ni ya sumaku ya kudumu, itazunguka kinyumenyume.

Waya za dinamo ni mbili: mnene wa rangi ya kahawia na manjano, na mwembamba wa kahawia na kijani. Zote huingia katika kisanduku kidogo chenye katauti na kidhibiti. Katauti hiyo ilizuia umeme wa betri usirudi katika dinamo injini inaposimama. Alteneta haina haja nayo, kwa sababu dayodi zake zafanya kazi hiyo, na kidhibiti chake kwa kawaida kimo ndani yake. Wengi hukiacha kisanduku pale pale kwa sura tu, wakiziunga waya ndani yake. Waya mwembamba hupewa kazi ya taa nyekundu ya dashibodi. Waya mnene uliwekwa kwa ajili ya ampea 22. Ukiupitishia 40 utapata moto. Fundi mwema huvuta waya mpya, mnene zaidi, kutoka kwenye alteneta mpaka kwenye swichi ya stata. Wapo wanaouacha ule wa zamani kwa kubana matumizi. Mimi nasema, asiyetaka kununua mita mbili za waya asinunue alteneta.

Hiyo taa nyekundu si pambo. Umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta. Globu ikiungua, alteneta yaweza kukaa kimya ijapokuwa ni nzima kabisa, na mwenyewe akaitupa bure.

Kuna tabia moja iliyobaki tangu siku za dinamo, nayo ipo hata kando ya barabara zetu. Fundi anataka kujua kama umeme unazalishwa, anafungua waya wa betri injini ikiunguruma, na injini isipozimika anasema, "Safi." Kwa dinamo jambo hilo mara nyingi lilipita salama. Kwa alteneta, umeme unaruka juu ghafula na kuweza kuua dayodi, kidhibiti, na katika magari ya leo kompyuta yake pia. Lori la mahindi, daladala, hata teksi inayompeleka mgonjwa hospitali, yote yana alteneta. Ukimwona mtu anaushika waya huo injini ikiwaka, mzuie. Kipimo cha haki ni mita ya volti: injini ikiwa imezimwa, betri yenye afya hupata 12.6 hivi, ikiunguruma, ipande kufika 14 au zaidi kidogo.

Wako wanaokataa mabadiliko haya, nao wana neno lao. Motokaa ya mwaka 1963 yenye kila kitu chake cha mwaka 1963 ni kumbukumbu, na kila kinachotolewa kinapunguza kumbukumbu hiyo. Siwapingi, kama motokaa yao hutoka mchana tu, siku ya jua, mara chache kwa mwaka. Kwa ajili yao zatengenezwa pia alteneta zenye umbo la dinamo, hata mtazamaji asitambue. Lakini bei yake ni kubwa. Anayesafiri usiku, na watoto wake wakimngojea nyumbani, nitamwambia afunge alteneta ya kawaida.

Dinamo iliyotolewa isiuzwe kama chuma chakavu. Ipanguswe, itiwe tone mbili tatu za mafuta katika kitundu cha nyuma, ifungwe kwa kitambaa na kuwekwa rafuni pamoja na mabano yake na karatasi yenye mchoro wa waya zilivyokuwa, ili atakayeirithi motokaa hiyo aweze kuirudisha akipenda.