Tusiwacheke Watoto Wasemao “Goed”

Iko tabia moja katika shule zetu, na hata katika nyumba zetu, ambayo nataka kuipinga waziwazi. Ni tabia ya kumcheka mtoto akoseaye Kiingereza, tena kumpiga, kana kwamba ameiba. Wala siandiki kama mtu asiye na hatia, maana mimi nami nimecheka pamoja na wachekao.

Siku moja kijana wa kidato cha kwanza aliulizwa darasani habari za nyumbani kwao. Akasimama, akaeleza kwa Kiingereza kwamba baba yake alikwenda mnadani akanunua maksai wawili. Lakini alisema “goed”, akasema “buyed”, akasema “oxes”. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi mwalimu nikacheka. Kijana akaketi. Tangu siku ile hakuinua mkono tena hata mwaka ukaisha, ijapokuwa katika hesabu aliwapita wengi. Nilipokaa baadaye na kuyapima maneno yale matatu, niliona aibu. Kijana yule alikuwa ametumia akili. Tuliokosa kuitumia ni sisi tuliocheka.

Tazameni alivyofanya. Alikuwa amesikia “walk” na “walked”, “work” na “worked”, “wait” na “waited”. Alikuwa amesikia “goat” na “goats”, “cow” na “cows”. Hakuna mwalimu aliyemfundisha “goed”, wala hakuisoma kitabuni. Aliitoa wapi basi? Aliitoa katika kanuni aliyoivumbua mwenyewe, kwamba tendo lililopita hufungwa mkia mmoja, na vitu vilivyo vingi hufungwa mkia mwingine. Kasuku hawezi kufanya hivyo. Kasuku hurudia lile alilolisikia tu; mtu huunda neno ambalo hajalisikia kamwe.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Mwaka 1958 mwanamke wa Marekani aitwaye Jean Berko alichapisha habari za jaribio alilowafanyia watoto wadogo. Aliwaonyesha picha ya kiumbe asiyekuwako duniani, akawaambia kwamba huyu aitwa “wug”. Kisha akawaonyesha picha ya wawili, akawaachia wamalizie neno. Wengi wao walijibu “wugs”, ingawa neno lile halikuwa limesemwa na mtu ye yote mbele yao. Nao watoto wa Waingereza, wakiwa bado wadogo, husema “goed” na “foots”, na mama zao hawachukui fimbo. Huwajibu kwa neno lililo sawa, na mazungumzo huendelea.

Mtu atasema, “Lakini Kiingereza ni lugha yenye sheria zake, lililo kosa ni kosa.” Namwuliza mtu huyo: sheria hizo zilishuka kutoka mbinguni? Na afungue Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611. Katika ndoto ya Farao ataona ng’ombe wakiitwa “kine”. Leo Mwingereza husema “cows”. Katika wimbo wa Mariamu, Luka mlango wa kwanza, ataona “holpen”. Leo husemwa “helped”. Ataona “goeth”, leo ni “goes”. Ni nani aliyeyageuza maneno haya? Si baraza wala mfalme. Ni watu wa kila siku, wakulima na wachuuzi na watoto, waliovuta neno moja moja na kulitia katika kanuni ya mengine, kama alivyofanya kijana wetu. Tena mbaazi za Ulaya ziliitwa zamani “pease”, hata ikiwa ni punje moja. Watu wakadhani sauti ile ya mwisho ni alama ya wingi, wakaikata, wakapata “pea”. Ambaye leo angeitwa mjinga, yeye ndiye aliyewapa Waingereza neno lao.

Basi kwa nini “went” na “oxen” na “children” hayakugeuka? Sababu kubwa ni matumizi. Neno litamkwalo kila siku hushikwa na ulimi tangu utoto, na mazoea hulihifadhi katika umbo lake la kale; neno lisikikalo kwa nadra husahauliwa upesi, likafuata kundi. Ndiyo maana maneno mengi yaliyo nje ya kanuni ni yale ya nyumbani, kama kwenda, kuja, kula, kuona, mtoto, mguu, jino. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo. Twasema “lima!” na “soma!”, lakini hatusemi “ja!”, twasema “njoo!” Twasema “nimelima”, lakini “nimekula”, na ile “ku” yabaki pale pale. Mgeni wa Ulaya akija kwetu akasema, “Wewe ja hapa, mimi nimela,” twafanyaje? Twatabasamu, twamsifu kwa bidii yake, twamwambia polepole lililo sawa. Lakini mtoto wetu wenyewe akisema “goed” twamdhihaki mbele ya wenzake. Huu ni upendeleo gani? Mgeni apewe upole, na mwana wa nyumbani apewe fimbo!

Wako pia wasemao kwamba watoto wetu hukosa kwa sababu lugha za nyumbani hazina utaratibu, ati Cigogo ni maneno ya machungani tu. Hilo ni tusi, tena ni uongo. Mgogo asiyejua kusoma husema “munhu” na “wanhu”, “cinhu” na “vinhu”, wala hachanganyi. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili huko London mwaka 1870, hakutunga yeye ngeli zetu. Alizikuta vinywani mwa watu. Utaratibu huo una nguvu hata humeza maneno ya wageni. Mwarabu alileta “kitabu”, ambacho kwao wingi wake ni “kutub”. Sisi tukasikia “ki” mbele, tukasema “vitabu”. Mwingereza alileta “club”; tukapata kilabu na vilabu. Gari lilikuja na “mudguard”, likawa madigadi. Na kwa kuwa “ma” kwetu ni alama ya wingi, fundi akiondoa moja huita digadi. Mwaona? Fundi huyo na yule Mwingereza wa “pea” wamefanya kazi ile ile, ila mmoja alikata mkia na mwingine alikata kichwa.

Na hapo ndipo palipo na msaada kwa mwalimu. Lugha zetu huweka alama nyingi mbele ya neno, na Kiingereza huziweka zaidi nyuma. Mtoto akionyeshwa hayo kwa sentensi za kila siku, za sokoni, kisimani na shambani, ataelewa kwamba anakwenda kwenye lugha nyingine yenye utaratibu kama yake. Lakini akipewa orodha ndefu ya maneno ayakariri kwa hofu, atayasema leo na kuyasahau kesho.

Najua jibu la wenzangu. Watasema, “Mtihani hauna huruma, tukiyaacha makosa, mtoto atashindwa.” Sisemi tuyaache. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari mtoto hukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Bila lugha hiyo atapata taabu hata katika elimu ya viumbe. Nasema tumsahihishe kama mtu mwenye akili. Tumwambie, “Kanuni yako ni njema, nayo hufaa kwa maneno mengi sana, lakini neno hili ni la kale, lilikataa kufuata wenziwe, nasi twasema ‘went’.” Ndipo asemapo tena. Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika. Kicheko nacho hakichukui zaidi, lakini mimi kilinigharimu sauti ya mwanafunzi kwa mwaka mzima. Na mtoto asiyesema hawezi kusahihishwa. Atafikaje kwenye mtihani huo mnaouogopa?

Ndugu zangu Wakristo, mwaikumbuka habari ya vivuko vya Yordani katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12. Watu wa Efraimu walitakiwa kutamka neno moja, “Shibolethi”. Aliyesema “Sibolethi” alikamatwa akauawa, na siku zile walianguka watu 42,000. Waliokuwa wakiwaua walikuwa ndugu zao wa Israeli. Nasi tusisimame mlangoni pa darasa kama walinzi wa vivuko vile, tukimngoja mtoto wa jirani ateleze ulimi. Mwalimu mwenzangu, mzazi mwenzangu: mara ya pili utakaposikia “goed”, zuia kicheko chako, umpe mtoto neno lililo sawa, kisha umwache amalize habari za baba yake na maksai wale wawili.