Kanuni za Mkutano Si Jambo Dogo

Kwenye mkutano mkuu wa chama chetu, mwenzetu wa mwaka wa kwanza aliinua mkono. Alitaka nusu ya vikao viendeshwe kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya sisi tuliokulia Södertälje, tunaoelewa tukisemeshwa na mama lakini tunaona haya kujibu. Akaambiwa hoja zilitakiwa kuletwa kwa maandishi majuma matatu kabla. Akakaa. Hajarudi tena.

Mwenyekiti hakukosea, ndivyo kanuni zetu zisemavyo. Kosa ni letu sote ambao hatukuwahi kuzisoma wala kumwambia mgeni kwamba zipo.

Kanuni ndizo zinazoamua nani asikike, lini, na kwa jambo gani. Tuliona Kenya, Juni 2024. Vijana wa rika letu walitaka Mswada wa Fedha ukataliwe mzima. Serikali ikakubali kupunguza tu: kodi ya mkate, kwa mfano, ikaondolewa. Tarehe 20 mswada ukapita kusomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Hapo ndipo wabunge hujadili kama mswada wenyewe unafaa. Ukishapita, Bunge zima hukaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja: hiki kibaki, hiki kibadilishwe.

Nyumbani tulikuwa tumeikalia simu ya baba. Mama akauliza, "Watu wamesema hawautaki, mbona hawa wanarekebisha tu?" Kwa kanuni, swali la mama lilikuwa na siku yake, na siku hiyo ilikuwa imepita, iliyobaki ni kura ya mwisho. Tarehe 25 mswada ukapitishwa, 195 kwa 106. Waandamanaji wakaingia bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kutia saini.

Hapa Sweden nako kanuni zina nguvu zake. Tarehe 24 Novemba 2021 Magdalena Andersson alichaguliwa waziri mkuu kwa kura 117 za ndiyo na 174 za hapana. Alipita kwa sababu ili akataliwe, wapingaji walipaswa kufika 175. Siku hiyo hiyo Bunge likapigia kura mgawanyo wa bajeti. Huo hupigiwa kura kwa pamoja, huwezi kuchagua kipande ukipendacho. Bajeti ya upinzani ikashinda, Chama cha Kijani kikajitoa serikalini, naye akajiuzulu baada ya saa chache.

Wapo watakaosema kanuni huzuia fujo. Kweli. Bila muda wa mwisho, mtu angeweza kuleta hoja saa nne usiku, wengine wakiwa wameshakimbilia treni. Sipendekezi tuzifute. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, tarehe ya mwisho ya hoja itangazwe mwezi mmoja kabla, kwa Kiswahili na Kiswidi. Pili, hoja iliyochelewa ijadiliwe bila kupigiwa kura, kisha kamati ilazimike kuijibu kwenye kikao kinachofuata.

Pendekezo hili nimeshalikabidhi kwa maandishi, ndani ya muda. Nawe dada uliyeambiwa umechelewa, rudi. Hoja yako tutaiandika pamoja.