Dawa ya batobato haiuzwi dukani

Kila mvua zinapokaribia, wakulima wa mihogo huanza kuulizana pingili. Nyingi huombwa kwa jirani au kwa shemeji wa kijiji cha pili, na hazilipiwi hata senti. Fedha hutoka baadaye, shamba likishaota na majani kuanza kukunjamana na kupata mabaka ya njano. Hapo mkulima hukimbilia duka la pembejeo akiuliza dawa ya batobato na, kwa masikitiko makubwa, wapo wanaomuuzia.

Tunapenda kusema wazi kwamba fedha hiyo imekwenda bure. Batobato haina dawa ya kupuliza, na sababu yake inafaa ijulikane kwa mkulima na kwa mwenye duka, kwa kuwa ndiyo inayoamua fedha ya mtaji iwekwe wapi.

Batobato huletwa na virusi vinavyoenezwa na nzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa majani. Kirusi chenyewe ni kitu kidogo mno. Maelekezo yake ya urithi, yaani DNA, yako katika pete mbili, na kila pete ina herufi zipatazo 2,800 tu. Muhogo wenyewe una herufi zaidi ya milioni 700. Kwa maelekezo machache kiasi hicho, kirusi hakiwezi kubeba mitambo yake ya kujizalisha. Hakina hata kimeng'enya cha kunakili DNA. Kinaingia katika seli ya muhogo mikono mitupu, na kila kinachohitaji kinakikuta humo.

Kazi inakwenda hivi. Pete inayoingia ni ya uzi mmoja, wakati DNA ya mmea ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ikifika katika kiini cha seli, vimeng'enya vya muhogo huikamilisha kwa kuifumia uzi wa pili, kama vinavyofanya kila siku kwa DNA ya muhogo wenyewe. Pete ikishakamilika, seli huanza kuisoma na kutengeneza protini za kirusi. Mojawapo ndiyo inayoanzisha kazi ya kunakili: hutafuta mahali maalumu penye herufi tisa na kukata uzi mmoja hapo. Mashine ya muhogo hushika ncha iliyokatwa na kuanza kuzunguka pete ikifuma uzi mpya, huku uzi wa zamani ukichomoka mbele yake kama uzi unaotoka kwenye kigurudumu cha cherehani. Mzunguko ukikamilika, protini ileile huunga ncha za uzi uliochomoka, na pete mpya imepatikana. Kigurudumu kinabaki palepale tayari kwa mzunguko mwingine. Pete mpya nazo hufumiwa uzi wa pili zikaanza kazi hiyohiyo, au huvikwa ganda zikingoja nzi mweupe wa kuzibeba.

Kuna ujanja mwingine hapa. Seli ya jani iliyokwisha kukomaa huwa imefunga karakana yake ya kunakili DNA, kwa sababu haigawanyiki tena. Protini ya kirusi huenda ikashika breki inayozuia karakana hiyo na kuilegeza, seli ikafufua mashine ambazo ilikuwa imeziweka kando. Muhogo unatumia nguvu zake kuzalisha adui.

Sasa mwenye duka atuambie, hicho kiuatilifu kitaua nini? Ukitaka kuzuia mashine inayonakili kirusi, utazuia mashine ya muhogo. Kinachouzwa madukani ni sumu ya nzi weupe, ambayo haigusi pete zilizokwisha kuingia katika shina. Isitoshe, nzi aliyebeba virusi huhitaji dakika chache tu za kufyonza ili kuviacha ndani ya mmea, na wengine wanapepea kutoka shamba la jirani kila siku. Hatusemi viuatilifu havina kazi katika kilimo. Tunasema kwa batobato mkulima mdogo hatarudisha gharama yake.

Hapa ndipo tofauti ya muhogo na mahindi inapoonekana. Ugonjwa wa milia ya mahindi nao huletwa na kirusi cha jamii hiyohiyo, ila chake ni pete moja. Hata hivyo punje ya mahindi haibebi kirusi hicho, hivyo kila msimu shamba la mahindi huanza likiwa safi. Pingili ya muhogo ni kipande cha mama yake, na pete zilizokuwamo katika shina la mwaka jana zinaanza kuzunguka tena siku inapochipua. Shina lililoanza na ugonjwa kutoka kwenye pingili hupunguza mavuno kuliko lililoambukizwa na nzi likiwa limekwisha kukua. Likipata ugonjwa baada ya miezi minne au mitano, hasara huwa ndogo.

Tufanye hesabu kidogo, maana gazeti hili linasomwa na watu wa biashara. Eka moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja huchukua mashina 4,000 hivi. Tuseme, kwa mfano tu, pingili safi inauzwa shilingi 50, kwa hiyo eka itahitaji shilingi 200,000. Wengi watashtuka, kwa kuwa kwa jirani ni bure. Tuchukue kwamba shina zima linatoa kilo mbili na kilo inauzwa shilingi 150. Majaribio yaliyofanyika Uganda na kutangazwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa kirusi cha batobato cha Afrika kikiwa peke yake kilipunguza mavuno kwa asilimia 42. Nusu ya pingili za jirani zikiwa nacho, eka hiyo inapoteza kilo 1,680, sawa na shilingi 252,000. Mashina mazima yatafidia kidogo kwa kupata nafasi na mwanga zaidi, lakini upande wa pili wa mizani kuna mbegu ya msimu unaofuata: aliyenunua pingili safi atakata zake mwenyewe, na mwenzake atakata ugonjwa.

Majaribio hayohayo yalikuta mashina yenye virusi viwili kwa pamoja, kile cha Afrika na kile cha aina ya Uganda, yakipoteza asilimia 82. Katika mfano wetu hiyo ni shilingi 492,000 kwa nusu ya eka iliyougua. Muhogo una kinga yake ya kukatakata ujumbe wa kirusi ndani ya seli, na kila kirusi huivuruga kwa namna yake. Vikikutana viwili, kinga haina pa kushikia.

Kukutana huko kuna hatari kubwa zaidi, na historia yetu inashuhudia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka kaskazini mwa Kampala, ikafagia mihogo Uganda na katika miaka ya 1990 ikaingia magharibi mwa Kenya na Kanda ya Ziwa hapa kwetu. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza kirusi hicho kilitoka wapi: kilikuwa pete ya kirusi cha Afrika Mashariki yenye kipande cha pete ya kirusi cha Afrika. Virusi viwili vinapofumwa katika seli moja, nyuzi zinaweza kuungana vipande. Kwa hiyo shina lililodumaa ambalo mkulima analiacha akisema "angalau litatoa kisamvu" linaweza kuwa karakana ya kirusi kipya, na hasara yake haiishii kwa mwenye shamba.

Utafiti nao umepiga hatua. Kituo cha Amani, milimani Usambara, kilianza kutafuta mihogo inayohimili batobato tangu miaka ya 1930 kwa kuichanganya na jamaa yake mti wa mpira. Kinga nyingine inayotumika sana katika mbegu za siku hizi ilitoka kwenye mihogo ya asili ya Afrika Magharibi, na mwaka 2022 watafiti walitangaza kuwa inakwenda sambamba na mabadiliko madogo katika kimojawapo cha vimeng'enya vya muhogo vya kunakili DNA. Yaani mashine ileile ambayo kirusi huja kuazima! Inaelekea mihogo hiyo ina mashine ambayo kirusi hakiwezi kuitumia vizuri, na mkulima hununua kinga hiyo pamoja na pingili.

Tahadhari moja lazima itolewe. Mbegu inayohimili batobato si lazima ihimili michirizi kahawia, ambayo kirusi chake ni cha RNA na hakitumii njia hii ya pete. Kanda ya Ziwa na Uganda zilijifunza hilo kwa uchungu, pale mihogo iliyostahimili batobato ilipochimbwa ikiwa imeoza ndani. Mnunuzi aulize juu ya magonjwa yote mawili.

Kwa maoni yetu, halmashauri za wilaya zinazolima mihogo zinapaswa kutenga fedha kwa ajili ya mashamba ya pingili ya vijiji, yakae mbali na mihogo mingine na yakaguliwe na TOSCI kabla ya kukatwa. Mashirika yanayogawa mbegu wakati wa njaa yasiruhusiwe kushusha malori ya pingili ambazo hazikukaguliwa, hata kama nia ni njema. Wafanyabiashara wa pingili nao, ambao idadi yao inaongezeka, wawe tayari kumpeleka mteja shambani mashina yakiwa bado na majani, maana pingili ikishakatwa na kufungwa mzigo, batobato haionekani tena kwa macho.