Nani Atamuuzia Saruji Iliyochakaa?

Tukisikia habari za mtu anayenunua nyumba ya kwanza, tunamfikiria kijana wa Kampala mwenye mshahara, anayekosa usingizi kwa riba ya benki. Mnunuzi ninayemjua mimi ni mjane wa Osukuru, Tororo. Aliolewa kwenye boma lile, akazaa pale, akamzika mumewe pale pale, na leo uzeeni anazungushwa na madalali kule Malaba, mpakani mwa Kenya, akitafuta ploti. Hakuomba kununua. Amehamishwa na fosfeti.

Kwamba milima ya Sukulu, hapo hapo Osukuru, ina fosfeti si siri, inajulikana tangu enzi za mkoloni. Oktoba 2018 Rais Museveni alikuja kuzindua kiwanda cha kampuni ya Kichina ya Guangzhou Dongsong, tukahubiriwa mbolea na ajira. Sawa, mbolea tunaihitaji, na kazi nani asiyeitaka? Lakini mgodi ukiingia watu hutoka, na anayetoka huambiwa atalipwa kwa mujibu wa sheria. Basi tuifungue hiyo sheria.

Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema nyumba ya mjini ikadiriwe kwa bei ya soko. Ya kijijini ikadiriwe kwa gharama ya kuijenga upya, kisha uchakavu ukatwe. Rudia kusoma, ndugu yangu. Mthamini anaingia uani na makaratasi yake, anagonga ukuta, anatazama mabati yalivyoshika kutu. Mlango ambao mzee aliuza ng'ombe ili fundi autengeneze: umechakaa. Sakafu ina ufa: imechakaa. Haya mama, weka dole gumba hapa. Sasa huko anakokwenda, nani atamuuzia saruji iliyochakaa? Kiwanda cha saruji kiko papo hapo Tororo, na sijasikia mfuko ukipunguzwa bei kwa sababu mnunuzi ametoka kijijini.

Watetezi wa sheria hiyo watasema kuna nyongeza ya usumbufu: asilimia 15, au 30 akiambiwa ahame ndani ya miezi sita. Waiteso na Wajopadhola huzika wafu wao nyumbani. Asilimia ngapi ya hiyo ni ya kuliacha kaburi la mume nyuma ya ua wa kampuni?

Halafu mjane wetu anaingia sokoni. Habari za fidia hufika kwa madalali kabla pesa hazijafika kwa mwenyewe, na bei hupanda usiku huo huo. "Mama, ukichelewa kuna mtu analipa kesho." Ploti haina hati, ni ardhi ya ukoo, kuna makubaliano ya kuandikwa kwa mkono, mashahidi wanaongoja chochote, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Akisita anaitwa mshamba. Asisite vipi? Muhuri wa LC1 si hati ya umiliki. Kesho atatokea ndugu wa muuzaji kutoka Nairobi kudai sehemu yake, au mke ambaye hakuulizwa, na kwa ardhi ambayo familia inaishi na kula, sheria inataka mke huyo akubali kwanza. Wanaomcheka kwa kwenda kuwahoji majirani wa kila upande wa mpaka ndio hao hao watakaomcheka akitapeliwa.

Avuke basi Kenya, kwa Waiteso wenzake wa Amukura? Mkoloni alihamisha mpaka mwaka 1902 akaugawa ukoo, na Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi mgeni zaidi ya kukodi ardhi, mwisho miaka 99. Mgeni, kwa shemeji zake!

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 26, inadai fidia ya haki na ya kutosha, ilipwe kabla mtu hajanyang'anywa mali yake. Ya kutosha kufanya nini, kama haitoshi kujenga nyumba kama ile iliyobomolewa? Sheria inayomlipa mtu wa mjini kwa bei ya soko na kumkata mwanakijiji kwa kutu ya mabati yake ni dharau iliyopigwa muhuri wa serikali.

Waheshimiwa wabunge wa Tororo, maneno hayo kuhusu uchakavu yako kwenye sheria mnayoweza kuibadilisha. Yafuteni. Nyumba ya Osukuru ilipwe bei ya kujenga nyumba mpya, bila kukatwa hata shilingi moja.