Usimlaumu Mwenye Shamba Kama Hutaki Kumlipa

Wasee, nianze na ukweli: kinamasi ndicho kililipa karo yangu ya chuo. Halafu nikaacha chuo.

Hapa Yamumbi, chini ya shamba la shosho, kulikuwa na bonde la maji. Nikiwa mdogo tulikuwa tunaskia vyura usiku mzima. Shosho akapanda blugamu huko, kwa sababu blugamu hunywa maji sana, na nguzo zake zina soko. Zilipokomaa zikauzwa, mimi nikaenda kampasi. Leo vyura hakuna, na kila Januari kisima chetu kinabaki na matope. Kwa hivyo sina ubavu wa kumhubiria mtu.

Juzi nilipanda matatu ya Kapsabet nikashuka Kingwal, kule Nandi, kutafuta video ya sitatunga. Kama humjui, huyu ni swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka, kwa hivyo hazami kwa matope. Akishtuka anaingia majini mwili mzima, anaacha pua tu nje. Kenya hii amebaki sehemu chache sana. Saiwa, karibu na Kitale, serikali ilimtengea mbuga mwaka wa 1974, mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, kama kilomita 3 za mraba hivi. Kingwal hakuna mbuga. Mashamba ya watu yanaingia hadi ndani ya mafunjo. Wanalisha ng'ombe, wanachoma matofali, wanapanda blugamu. Kama shosho tu.

Sitatunga sikumwona. Nilikutana na mama mmoja analima sukuma pembeni ya maji. Nikamsalimia, nikamuuliza kama wanyama hao hupita kwake. Akacheka.

"Kijana wangu, wanapita, na mboga wanakula. Wewe ukimpiga picha utapata laiki. Mimi nitapata nini?"

Manze, nilikosa jibu.

Najua kuna mtu atasema sheria ifuatwe. Ni kweli, sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kukausha kinamasi bila ruhusa. Lakini fikiria vile inamfikia huyo mama. Sisi tunapata maji na sifa ya kutunza mnyama adimu, na yeye anapata katazo. Halafu tunashangaa mbwa wakiachiliwa usiku.

Na faida ya kile kinamasi haiishi kwake. Kinashika maji ya mvua kama sponji na kuyaachilia polepole, yakielekea mto Yala hadi Ziwa Victoria. Watu wengi huko chini wanakunywa maji ya huyo mama bila kumjua. Kama wanafaidika, wachangie.

Hiyo si ndoto. Naivasha ilishafanyika. Watumiaji wa maji kule ziwani waliwahi kuchanga, na wakulima wadogo wa juu, upande wa mto Malewa, wakapewa vocha kwa kupanda nyasi na miti ya kuzuia udongo kuingia mtoni. Hakuna aliyefukuzwa kwa shamba lake. Walilipwa kwa kazi.

Kingwal inaweza kufanya hivyo. Mwenye kuacha mafunjo yake alipwe. Vijana wa hapo ndio waajiriwe kuhesabu sitatunga na kutembeza wageni, si mtu wa kutoka Nairobi na koti la mifuko mingi. Na sisi wa video tuache kuenda bure: mlipe kijana wa hapo akuongoze, nunua mboga ya mama, mtumie ile video yako. Na kaunti ikiita mkutano wa bajeti, usikae nyumbani. Enda uulize pesa ya vinamasi ni ngapi na inamfikia nani.

Jana nilimwambia shosho ving'oe vile visiki, bonde lirudi. Vimeanza kuchipuka tena, na yeye anangoja nguzo zingine kwa sababu ndugu yangu mdogo yuko Form Three. Akaniangalia tu: "Sawa. Na karo utalipa wewe?"

Ni swali lilelile la Kingwal. Mpaka tulijibu kwa pesa, vyura hawarudi.