Ewe askari, uraiani hakuna tarumbeta



Ndugu yangu askari, najua unanisoma. Wengine mko kambini, mnafungua simu baada ya kutoka lindo. Leo tuzungumze jambo ambalo watu wetu hulisema kwa kunong'ona misibani: fulani alistaafu jeshi, akapokea kiinua mgongo cha maana, na miaka miwili baadaye anaomba nauli.

Wakisimulia hivyo, mmoja atasema amelogwa. Mwingine atasema ni yule mke mdogo. Mimi naona hakulogwa. Alianza kupanga maisha siku ile pesa ilipoingia benki, na siku hiyo alikuwa amechelewa.

Hebu tazama maisha ya kambini. Saa ya kuamka umepangiwa. Kombati umepewa, kota umepewa, ukiumwa kuna hospitali ya jeshi, ukihamishwa unasafirishwa. Miaka ishirini na zaidi hujawahi kumtafuta mteja wala kuhofia kodi ya fremu. Si aibu, kazi yenyewe ndivyo ilivyo, na sisi raia tumelala salama kwa sababu yenu. Lakini mwalimu anaweza kubaki kazini hadi miaka 60, wakati askari wengi wa vyeo vya chini wanatoka mapema zaidi, watoto bado wako shule. Una nusu ya maisha mbele yako, na uraiani hakuna tarumbeta ya kukuamsha.

Tumekuwa tukiisimulia sana habari ya ‘Abdurrahmaan bin ‘Awf (radhiyallaahu ‘anhu). Alihama Makka, akafika Madina mikono mitupu. Mtume (swallallaahu ‘alayhi wasallam) akamuunganisha udugu na Sa‘d bin Rabii‘, naye Sa‘d akamwambia wagawane mali yake nusu kwa nusu. ‘Abdurrahmaan akamwombea baraka, kisha akaomba aoneshwe soko. Akaanza na jibini kavu na samli. Haukupita muda mrefu akaoa, na mahari yake ilikuwa dhahabu.

Tunaisimulia kama habari ya kujitegemea, na ni kweli. Lakini kuna jambo tunaliruka. Yule bwana alikuwa mfanyabiashara tangu Makka! Mali aliiacha nyuma, ujuzi akaja nao kichwani. Alijua kupima, kununua, kupatana bei, na kumtambua mdaiwa msumbufu. Mtaji ukafuata ujuzi. Mstaafu wetu anafanya kinyume chake: ana mtaji mkononi, soko halijui. Ananunua daladala kwa sababu jirani anayo. Anafuga kuku elfu moja, naye hajawahi kufuga kumi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na anayepinga apinge: biashara utakayoifanya ukistaafu, ianze ukiwa bado na mshahara, angalau miaka mitano kabla, na ianze ikiwa ndogo kiasi kwamba ikifa hutalia. Kuku ishirini wakifa ukiwa kazini, umelipa ada ya shule. Wakifa elfu moja ukiwa umestaafu, umekufa nao. Zingatia utaratibu wa jeshi kuhusu kazi za nje, maana ahadi uliyoitoa ni ahadi. Basi kama wewe hairuhusiwi kusimamia, mkeo ajifunze, na wewe ujifunze kwake.

Na si lazima kila mtu awe mfanyabiashara. Umekuwa dereva wa malori, fundi mitambo, muuguzi, mpishi wa watu mia tano? Huo ni utajiri, ila mwajiri wa uraiani anataka karatasi. VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia ufundi kazini na kumpa cheti. Kafuatilie sasa. Hakikisha na daraja la leseni yako linatambulika nje.

Kuna la cheo. Khaalid bin Waliid (radhiyallaahu ‘anhu) alikuwa amiri asiyeshindwa, kisha ‘Umar akamwondoa kwenye uongozi. Akatii, akapigana chini ya Abu ‘Ubayda. Heshima yake imepungua wapi? Sasa tazama sajini mstaafu anayetaka muuza mbao amwite afande, na mteja akiuliza bei anafokewa. Na usidharau kazi ya ulinzi getini. Ni halali, na halali haina kimo.

Nyumbani nako kuna mtihani. Mama watoto amezoea kuendesha nyumba peke yake, ulikuwa Darfur, ulikuwa Kongo, ulikuwa mafunzoni. Unarudi kwa moja unataka gwaride sebuleni. Kaa naye mapema, mwambie utapata kiasi gani, mpange pamoja. Mashauriano tumeamrishwa. Wapo wanaume ambao wake zao walijua kiasi cha kiinua mgongo kutoka kwa watu wa baa. Na kama una nia ya kuoa tena, ni haki yako kwa masharti yake, lakini usioe kwa hela ya mtaji. Jenga kwanza, maana kota utaikabidhi.

Siku pesa ikiingia, utapata marafiki usiowajua. Kumbukeni DECI: watu walipanda mbegu wakingoja kuvuna, Serikali ikaizuia mwaka 2009. Majina yamebadilika, sasa yako kwenye simu. Wengine watakushawishi uiweke pesa upate riba kila mwezi. Usikubali; zipo benki zenye huduma zisizo na riba, Amana Bank tangu 2011, na CRDB wana Al Barakah. Nenda ukaulize mkataba, usome kila ukurasa. Na mikopo ya riba mnayochukua mkiwa miaka miwili kabla ya kustaafu, wallaahi, hiyo ndiyo inayokula kiinua mgongo kabla hakijafika.

Mwisho, zaka. Wengi mnaniuliza faraghani. Pesa ikishaingia mkononi mwako na ikafikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, hesabu mwaka wa Hijria. Ukitimia na kiasi hicho bado kipo, toa asilimia 2.5. Baadhi ya wanachuoni wanasema utoe siku ile ile unapopokea, na atakayefanya hivyo kwa tahadhari hapotezi kitu. Nyumba ya kuishi haina zaka. Kiwanja ulichonunua ili ukiuze kina zaka.

Wallaahu a‘lam. Mwenye swali kuhusu mirathi ya mafao ya askari aliyefia kazini aliandike hapa chini, tutalijibu Ijumaa inshaa Allaah.